Mama Katikati ya Wanawe

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na pauni moja. Si noti. Ni ile pauni ya dhahabu ya Kiingereza ambayo wanawake wengi wa pwani waliifanya akiba ya kuvaliwa. Yake ilitiwa lehemu kipete kidogo juu na sonara mmoja wa Tanga, ikaning'inia kwenye mkufu mwembamba, na bibi aliivaa ndani ya gauni, chini ya kanga, akienda sokoni, akienda matangani, hata akilala. Upande mmoja palikuwa na mtu wa farasi anayemchoma joka. Upande wa pili palikuwa na kichwa cha mwanamume mwenye ndevu, na kwa kuwa upande huo ndio uliogusa kifua, ngozi na jasho la miaka mingi vilikuwa vimekisugua hata pua yake ikawa laini kama kokoto la mtoni.

"Bibi, huyu nani?" nilimuuliza siku moja nikiwa nimemlalia.

"Huyo ndiye mwenye pauni."

"Jina lake?"

"Jina lake nitalijulia wapi, mjukuu wangu? Mie naijua dhahabu yake."

Miaka mingi baadaye nikajifunza kusoma maandishi yanayozunguka ukingo wa pauni kama ile. Yanasema GEORGIVS, yaani George, kwa V mahali pa U, kama walivyochonga Warumi kwenye mawe yao, na mwishoni yamefupishwa IND: IMP:, yaani Kaisari wa India. Hiyo IMP ni Imperator, neno ambalo watawala wa Roma walilitanguliza mbele ya majina yao kwa mamia ya miaka. Mfalme wa Uingereza alipotaka kujitambulisha kwa ukubwa, aliazima Kilatini. Nikaanza kumtafuta aliyeazimwa, na tangu hapo sijaacha kuzitazama sarafu za dhahabu za makaisari. Makumbusho makubwa ya London, Berlin na New York yameweka picha zake mtandaoni, na unaweza kuzikuza mpaka ukahesabu nywele. Katika usiku mwingi wa kufanya hivyo, wamenishika mama wawili, na ni habari zao ninayotaka kusimulia.

Lakini kwanza sarafu yenyewe. Iliitwa aureus, nasi tuiite aureusi. Mkononi nimeshika moja tu. Mzee mmoja muuza sarafu huko London aliponiona nimeganda mbele ya kabati lake, alitandika kitambaa cha mahameli mezani, akanionyesha jinsi ya kuishika ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, kisha akaniachia. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, upana wake hauzidi sentimita 2, lakini ilikuwa na uzito unaokushtua, ule uzito wa dhahabu ambao jicho halikukutayarisha nao. Ilikuwa ya Kaisari Nero, na uso umenona: shingo pana, nyama chini ya kidevu, nywele zimepangwa mawimbi. Nyuma amekaa Jupita kwenye kiti, radi mkononi, na maandishi IVPPITER CVSTOS, Jupita Mlinzi. Sarafu za namna hii zilitolewa baada ya mwaka 65, ulipofichuliwa mpango wa kumuua Nero, na wakubwa kadhaa wakalipa kwa roho zao. Mtu ameponea chupuchupu, anamshukuru mungu wake, na shukrani hiyo anaipitisha mikononi mwa watu kama mshahara.

Nilipouliza uzito, mzee akasema gramu 7.3. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na hesabu nyingine kichwani. Pauni ya bibi ina uzito wa karibu gramu 8, lakini imechanganywa na shaba kidogo. Dhahabu halisi iliyomo ni gramu 7.32. Aureusi ya Nero ilikuwa karibu dhahabu tupu. Kwa hiyo kile alichokivaa bibi yangu chini ya kanga na kile nilichokishika kwenye kile kitambaa vina kiasi kilekile cha dhahabu, na kati yao imepita miaka 1,800 na ushei. Sidai kwamba kuna mtu aliyepanga hivyo. Nasema tu kwamba kiganja changu kilikuwa kinaujua uzito ule tangu utotoni.

Aureusi haikuwa na uzito mmoja siku zote. Wakati wa Julius Caesar ratili moja ya Kirumi ilitoa sarafu 40. Mwaka 64 Nero akaifanya itoe 45. Kaisari Caracalla akaifanya 50. Na kufikia Kaisari Konstantino, dhahabu ikapewa jina jipya, solidus, ratili ikitoa 72. Thamani yake katika zama zile za mwanzo ilikuwa dinari 25. (Hilo neno dinari tunalolisoma katika Injili, na ambalo ndugu zetu walioko Kuwait na Bahrain hulitamka kila siku dukani, ni la Kirumi hilo.) Askari wa kawaida wa Augusto, Kaisari wa kwanza, alilipwa dinari 225 kwa mwaka, yaani aureusi 9. Muuza mboga wa Roma aliishi kwa sarafu za shaba, na huenda miezi ikapita hajaiona dhahabu. Basi picha zilizo kwenye dhahabu zilisema na watu fulani hasa: maaskari, maofisa wao, maseneta, matajiri. Zilikuwa maneno ya Kaisari kwa wale aliowahitaji.

Claudius ndiye aliyelisema hilo waziwazi kuliko wote. Januari mwaka 41, Kaisari Caligula aliuawa na maofisa wa kikosi chake mwenyewe cha ulinzi, Wapretoria. Claudius, baba yake mdogo, mtu aliyedharauliwa na ukoo mzima kwa kigugumizi chake na kutembea kwake kwa kuchechemea, alijificha nyuma ya pazia. Askari mmoja akaiona miguu. Wakamtoa, wakambeba hadi kambini kwao, na wakati Seneti bado inajadiliana kama Roma irudi kuwa jamhuri, Wapretoria walikuwa wamekwisha kumpata Kaisari wao. Claudius aliwaahidi kila mmoja sestersi 15,000, sarafu ndogo kuliko dinari. Ni aureusi 150.

Kisha akatoa sarafu. Nyuma yake kuna kambi: ukuta, malango, ndani amesimama askari na bendera ya kikosi, na juu ya ukuta herufi zimebanana IMPER RECEPT, Kaisari amepokewa. Nyingine inamwonyesha Claudius mwenyewe ameshikana mkono na askari. Na kila mwaka, siku ya ukumbusho wa kutawazwa kwake, kila Mpretoria alipewa sestersi 100, ambazo ni aureusi moja kamili. Hebu fikiri umepewa sarafu hiyo. Unaigeuza, unaona kambi yako, kitanda chako kiko nyuma ya ukuta ule. Hakuna aliyehitaji kukueleza nani alimweka nani.

Sasa mama wa kwanza. Agrippina alikuwa binti wa Germanicus, jenerali aliyependwa na watu, na mwaka 49 aliolewa na huyu Claudius, ndugu wa tumbo moja wa baba yake. Kwetu mtu angesema ameolewa na baba mdogo. Kwa Warumi pia lilikuwa haramu, ikabidi Seneti ipitishe azimio la kuihalalisha ndoa. Alikuja na mwana wa ndoa yake ya kwanza. Claudius akamfanya mwanawe, akapewa jina Nero. Oktoba 54 Claudius akafa, na waandishi wa kale wakasema ni uyoga wenye sumu. Nero akawa mtawala wa dunia yao yote akiwa hajatimiza miaka 17.

Tazama aureusi ya mwaka huohuo wa 54. Upande wa mbele, mahali ambapo siku zote hukaa kichwa kimoja, kuna viwili. Mama na mwana wametazamana, pua karibu zigusane, vichwa vya ukubwa mmoja. Nero bado mtoto: shavu limejaa, kidevu hakijapata umbo. Nywele za mama zimesukwa vizuri, zimeshuka kisogoni. Na jina linalowazunguka ni la nani? AGRIPP AVG DIVI CLAVD NERONIS CAES MATER: Agrippina Augusta, mke wa Claudius aliye mungu, mama wa Nero Kaisari. Jina la Kaisari mwenyewe, pamoja na vyeo vyake, limepelekwa nyuma. Ukiipokea sarafu hiyo, unakutana na mama kwanza.

Mwaka uliofuata, 55, ikatoka nyingine. Vichwa bado ni viwili, lakini havitazamani tena. Vyote vinaangalia upande mmoja, cha Nero mbele, na cha Agrippina kimekaa nyuma yake kama kivuli. Kinachungulia tu paji, pua, midomo na kidevu. Jina la upande wa mbele sasa ni la mwana. La mama limehamia nyuma, limezunguka gari linalokokotwa na tembo wanne, lenye miungu wawili juu, Augusto na Claudius. Ni sarafu nzuri kupita kiasi. Wale tembo, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mahindi, mikonga yao inaonekana.

Baada ya hapo hayumo. Nero ndiye peke yake mbele, mwaka baada ya mwaka, anazidi kunenepa.

Sijui kitu kingine kutoka zama zile kinachoonyesha mtu anaondolewa madarakani hatua kwa hatua namna hii. Waandishi wa historia walikuja baadaye, wakiwa na chuki zao na vipenzi vyao. Sarafu ilitoka mwaka uleule, kwa amri ya walewale, na haikujua mwisho wa hadithi. Machi mwaka 59 Nero alituma watu wamuue mama yake, baada ya jaribio la kumzamisha baharini kwa mashua iliyotengenezwa ili ivunjike. Aliogelea hadi pwani. Wakamfuata nyumbani kwake.

Niseme neno kuhusu mafundi, maana hawatajwi. Mtu mmoja alichonga vichwa vile kwenye muhuri wa chuma kigumu, kinyumenyume, herufi zikisomeka kutoka kulia, ndani ya duara lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Muhuri mmoja ulikaa kwenye fuawe, kipande cha dhahabu kikawekwa juu, muhuri wa pili ukashikwa juu yake, kisha nyundo. Kila sarafu ilipigwa kwa mkono, ndiyo maana hazilingani: hii imeegemea kushoto, ile imekatwa ncha ya herufi. Sonara wa Tanga angewaelewa watu hao bila mkalimani.

Dhahabu hiyo ilisafiri mbali. Plinio, mwandishi wa Kirumi, alilalamika kwamba India inaikamua Roma sestersi milioni 50 kila mwaka, kwa ajili ya pilipili, lulu na vitambaa. Meli zilipanda na kushuka na pepo zilezile za kusi na kaskazi tunazozijua sisi. Mwaka 1898 huko Pudukkottai, kusini mwa India, zilifukuliwa aureusi 501, na nyingi, zaidi ya 450, zimekatwa usoni kwa patasi, mkato mmoja juu ya shavu la Kaisari. Haikuwa chuki. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba mtawala wa huko alizitoa kwenye mzunguko wa fedha ili zibaki dhahabu ya kupimwa kwa mizani, na njia ya kumwambia mtu kwamba hii si sarafu tena ilikuwa kuufuta uso. Kwetu kusini, katika bandari ya Rhapta, kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1 kinataja mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo vilivyoletwa kubadilishwa na pembe za ndovu. Sarafu hakizitaji.

Uso unaofutwa ndio unaonifikisha kwa mama wa pili.

Septimius Severus alizaliwa Afrika, mwaka 145, katika mji wa Leptis Magna, pwani ya Libya ya leo. Alitwaa ukaisari mwaka 193 kwa nguvu ya majeshi ya mto Danube. Mkewe, Julia Domna, alitoka Emesa, Homs ya leo huko Syria, binti wa ukoo wa makuhani wa mungu jua. Walipata wana wawili wakipishana mwaka mmoja hivi: Caracalla, aliyezaliwa 188, na Geta, 189. Berlin kuna ubao wa mviringo uliochorwa Misri kwa rangi, familia yote wanne, na Severus amepakwa ngozi ya maji ya kunde, ndevu zimeingia mvi. Dhahabu haiwezi kukwambia hilo. Lakini dhahabu ina la kwake.

Aureusi ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 202. Mbele ni Severus, ndevu zake zimegawanyika ncha. Igeuze. Katikati yuko Julia Domna, na hatazami upande kama desturi ya vichwa vya sarafu. Anakutazama wewe. Nywele zake nzito zimetengwa katikati, zimeshuka pande zote mbili za uso kama kilemba. Kulia na kushoto kwake wako wanawe, vichwa vidogo, wametazamana na mama yuko katikati yao. Juu yao maneno FELICITAS SAECVLI: heri ya zama zetu.

Kuza picha. Caracalla ana taji la majani ya mlorasi. Alikuwa amepewa cheo cha Augusto, yaani mtawala kamili, tangu akiwa mtoto wa miaka 9. Geta yuko kichwa wazi, cheo chake bado ni Kaisari mdogo. Mmoja ana miaka 14, mwingine 13 hivi, na fundi amewapa nyuso zinazofanana kama mapacha. Kinachowatofautisha ni yale majani. Ukishajua yaliyofuata, macho yako hayabanduki kwenye yale majani.

Severus alifia York, Uingereza, Februari 211. Aliwaachia wanawe wote wawili utawala, na wosia wa kwamba wapatane, wawatajirishe askari, na wasiwajali wengine. Walirudi Roma na majivu ya baba yao, wakaigawa ikulu, kila mmoja na walinzi wake na malango yake. Desemba mwaka uleule Caracalla alimwomba mama awaite wote wawili chumbani kwake ili wapatanishwe. Geta akaja bila walinzi, kwa kuwa anaitwa na mama. Maofisa wa Caracalla wakaingia. Cassius Dio, seneta aliyeishi siku zile, ameandika kwamba kijana alimkumbatia mama yake shingoni, akimlilia amwokoe, akauawa hapo mikononi mwake, na Julia alijeruhiwa mkono lakini hakuutazama. Hakuruhusiwa kulia. Alilazimika kuonyesha furaha, kwa sababu walikuwapo watu wa kuutazama uso wake.

Kisha ikaanza kazi ya kumfuta. Jina la Geta lilitolewa kwenye tao kubwa la baba yake pale Roma. Mashimo ya herufi za awali bado yanaonekana chini ya zile zilizopachikwa baadaye. Kwenye lango lililojengwa mwaka 204 na mabenki na wauza ng'ombe wa Roma, mahali aliposimama kando ya wazazi wake pamebaki jiwe tupu. Kwenye ule ubao wa Misri uso wake umekwanguliwa. Huko Stratonicea, Uturuki ya leo, sarafu kubwa za shaba za ndugu wawili zimepigwa nyundo upande wa Geta tu. Na Dio anasema Caracalla aliamuru sarafu zenye sura ya ndugu yake ziyeyushwe.

Zile zilizorudi hazina kwa njia ya kodi ziliweza kuyeyushwa. Lakini dhahabu ilikuwa imekwisha kutoka. Ilikuwa chini ya sakafu za watu, kwenye mitungi, kwenye mikoba ya ngozi, mbali na mikono ya mtoza kodi. Watu wa Roma walizika aureusi kama bibi zetu walivyofukia vyao, na wengine hawakurudi kuzifukua. Mwaka 1993 wajenzi huko Trier, Ujerumani, walikutana na zaidi ya 2,500 za karne mbili za kwanza, kilo 18.5 za dhahabu. Wengine walizitia fremu wakazivaa. Mikufu ya namna hiyo ipo makumbusho, ya karne ya 3, Kaisari ananing'inia kwenye kifua cha mwanamke ambaye jina lake halijulikani.

Julia Domna aliishi miaka mingine mitano na ushei, akimsaidia muuaji wa mwanawe kuendesha dola. Alipokea barua zake, akajibu maombi ya watu. Caracalla alipouawa mwaka 217, naye akafa muda mfupi baadaye. Dio anasema alijinyima chakula. Sarafu zake za miaka hiyo zinamwonyesha peke yake, anatazama upande, nywele zilezile. Ile ya kututazama usoni haikurudiwa.

Picha ninayoirudia mara kwa mara ni ya sarafu iliyotumika sana kabla ya kufukiwa. Uso unaotazama mbele ndio ulioinuka kuliko vyote kwenye dhahabu, kwa hiyo ndio unaoguswa kwanza na kila kidole, kila mkoba, kila sarafu nyingine. Pua ya Julia imelika kabisa, laini, kama ile niliyoichezea utotoni kwenye kifua cha bibi. Kushoto na kulia kwake, wavulana wawili wako chini ya kimo chake, na hawakuguswa. Unaweza kuhesabu majani ya mmoja, na nywele fupi za mwingine.